Redio katika basi la shule: aliye mdogo kuliko wote ndiye kipimo

SWALI: "Ninaishi Nzuguni na nina watoto wawili wanaosoma shule moja upande wa Msalato. Mkubwa ana miaka 10, mdogo ana miaka 5 na yuko darasa la awali. Basi huwachukua saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, na kwa kuwa linazunguka mitaa mingi, safari huchukua zaidi ya saa moja. Jioni ni vivyo hivyo. Dereva hufungulia redio tangu anapowasha gari: asubuhi ni usomaji wa magazeti na mazungumzo ya watu wazima, jioni ni muziki na matangazo. Wiki mbili zilizopita mdogo aliniuliza, mbele ya wageni, nguvu za kiume ni nini. Anaimba nyimbo ambazo mimi mwenyewe naona haya kuzirudia. Lililonitisha zaidi ni kwamba tangu asikie habari ya mtoto aliyeuawa, hataki kulala peke yake, na kila asubuhi ananiuliza kama watu wale watakuja kwenye basi. Matroni anasema redio ndiyo inayowatuliza watoto. Baba yao anasema watoto hawaelewi, watasahau, na kwamba mtaani wanasikia makubwa zaidi. Je, ninakuza jambo dogo? Nidai redio izimwe kabisa, au vipo vipindi vinavyofaa watoto wa umri tofauti ndani ya gari moja?"

JIBU: Mzazi mwenzangu, hukuzi jambo dogo. Swali lako lina mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na nadhani ndiyo maana wewe na baba watoto mnapishana: lipo suala la maneno na nyimbo zisizolingana na umri, lipo suala la hofu iliyoingia kwa mtoto wa miaka 5 kupitia habari, na lipo la tatu ambalo hukulitaja lakini limo ndani ya kila basi lenye redio, yaani kelele yenyewe. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake. Nitaanza na yale yanayosemwa nyumbani kwako, kwa sababu nayasikia karibu kila nikutanapo na wazazi hapa Dodoma, na kila moja lina chembe ya ukweli.

Ni kweli kwamba mtoto wa miaka 5 haelewi sehemu kubwa ya anachokisikia redioni. Kosa lipo katika kudhani kwamba asichokielewa hakimwingii. Fikiria mtoto anayekwenda madrasa au shule ya Jumapili: anahifadhi sura au nyimbo nzima, kwa lafudhi sahihi, miaka mingi kabla ya kujua maana ya neno moja moja. Kumbukumbu ya mtoto haingoji maana. Inashika mapigo, vina na marudio, na wimbo wa redio umejengwa kwa vitu hivyo hivyo. Kiitikio hurudi mara nyingi ndani ya dakika tatu, na wimbo wenyewe hurudi jioni baada ya jioni. Kwa hiyo mtoto anabeba maneno kama mtu aliyekabidhiwa sanduku lililofungwa, kisha anaanza kutafuta ufunguo. Wako alikuletea wewe lile sanduku, mezani, mbele ya wageni. Najua uliona aibu, lakini ilikuwa bahati, kwa sababu wengi hawaulizi mzazi. Wanamuuliza mwanafunzi wa darasa la saba anayekaa kiti cha nyuma, na yule anajibu anavyojua. Mimi siogopi sana neno lenyewe kumfikia mtoto. Naogopa zaidi maana atakayopewa na mtu asiyestahili kuitoa.

Hoja ya mtaani nayo inahitaji kuangaliwa kwa makini. Mtoto akipita mbele ya kibanda chenye subufa, wimbo unamfikia kwa dakika moja, kisha anaendelea na safari yake, na akichoka kuusikia anaweza kukimbia. Ndani ya basi la shule amekaa kwenye kiti, mlango umefungwa, na kitufe cha redio kiko mkononi mwa mtu mwingine. Kwa safari ulizozieleza, anakaa hivyo kwa muda unaozidi saa 10 kila wiki. Hakuna kipindi cha somo lolote darasani kinachopata muda huo. Aidha, mtaa haukumwambia mtoto kwamba unamfundisha. Basi la shule limeandikwa jina la shule, lina matroni anayeitwa anti na dereva anayeitwa anko, na mtoto amepanda akiwa amevaa sare. Kinachosikika humo kinabeba kibali cha watu aliofundishwa kuwatii. Tangu serikali ilipositisha bweni kwa watoto wa madarasa ya chini mwaka 2023, watoto wadogo wa shule nyingi binafsi ambao wangelala bwenini sasa husafiri kila siku, na mji wetu nao unazidi kutanuka, kuanzia Nala hadi Ihumwa na Mtumba. Safari ndefu za watoto wadogo si jambo la kupita, na ndiyo sababu nalichukulia swali lako kwa uzito huu.

Lipo dai jingine ambalo huenda utakutana nalo shuleni: kwamba redio hizo zimesajiliwa na zinasimamiwa, hivyo wanachorusha kinafaa. Usimamizi upo kweli. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina Kamati ya Maudhui, na kanuni za maudhui ya redio na televisheni za mwaka 2018 zinataka mambo yasiyofaa watoto yasirushwe kabla ya saa tatu usiku. Lakini kanuni hiyo imeweka sakafu tu. Mtangazaji anayesoma vichwa vya habari vya magazeti saa kumi na mbili na nusu asubuhi hajavunja sheria yoyote, na anawasaidia watu wazima wengi wanaotaka kujua nchi imeamkaje. Anamwona msikilizaji wake kuwa ni mtu aliye jikoni au njiani kwenda kazini. Hamwoni mtoto wa darasa la awali aliyeegemea dirisha la Coaster. Kama siku moja utasikia jambo linalovuka mpaka mchana kweupe, andika tarehe, saa na jina la kipindi, ulalamike kwanza kwenye kituo chenyewe, na usipojibiwa upeleke kwa Kamati ya Maudhui. Kwa mengi uliyoyaeleza, hata hivyo, kosa si la mtangazaji. Ni kwamba kipindi cha watu wazima kimefunguliwa mahali walipo watoto.

Sasa niseme juu ya hofu ya mtoto wako, maana hapo ndipo pa kuanzia leo, kabla hujazungumza na mtu yeyote wa shule.

Mtoto wa umri huo hana ramani kichwani. Ukimwambia tukio limetokea mkoa mwingine, hajui kama mkoa mwingine ni mbali kama Dar es Salaam au ni karibu kama nyumba ya jirani. Hana pia hesabu ya uwezekano. Mtu mzima anaposikia habari ya mtoto aliyeuawa, husikitika, kisha akili yake hupima bila yeye kujua: nchi ni kubwa, matukio haya ni machache, mimi nipo hapa. Mtoto hana mzani huo. Zaidi ya hayo, habari moja husomwa kwenye taarifa, ikarudiwa katika magazeti, ikajadiliwa na wapiga simu, ikarudi tena jioni, na mtoto mdogo anaweza kuelewa kwamba kila aliposikia, mtoto mwingine ameuawa. Redio inaongeza jambo moja ambalo televisheni haina: haina picha, hivyo mtoto huchora picha mwenyewe, na huchora kwa vitu anavyovijua, yaani basi lake, barabara yake na rafiki zake. Ndiyo maana anakuuliza kama watu wale watakuja kwenye basi. Ni swali lenye mantiki kamili kwa alichonacho.

Usimwambie "hakuna kitu kama hicho", kwa sababu amesikia kwamba kipo, na ukimkanusha atajifunza kwamba hofu hii haina pa kuelezwa. Keti naye wakati wa utulivu, si kitandani dakika ya mwisho, umwulize yeye amesikia nini, na usikilize mpaka mwisho kabla ya kusahihisha. Mara nyingi utakuta ameunganisha mambo mawili au matatu kuwa moja. Kisha mpe maneno machache ya kweli: kwamba jambo baya lilitokea, lilitokea mbali na hapa na lilitokea mara moja tu, polisi wanalishughulikia, na kwenye basi lake wapo anko na anti ambao kazi yao ni kumfikisha salama. Muoneshe usalama huo kwa macho. Mpeleke mwenyewe mlangoni asubuhi, mwache amsalimie dereva na matroni, amtaje kila mmoja kwa jina analolitumia. Mtoto wa miaka 5 hutulia kwa anachokiona na kukigusa kuliko kwa hoja. Wakati huo huo, akitaka kulala na dada au kaka yake kwa siku kadhaa, mruhusu, ukimwambia wazi kwamba ni kwa muda.

Kwa swali la nguvu za kiume, jibu lifupishwe kwa kiasi cha swali: ni tangazo la dawa za watu wazima, wala halimhusu mtoto, na amefanya vizuri kukuuliza. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu inaacha mlango wazi kwa maswali yatakayokuja akiwa na miaka 12.

Matangazo yanastahili neno zaidi, kwa kuwa wazazi huhangaika na nyimbo wakayasahau. Hadi kufikia umri wa miaka 7 au 8, watoto wengi hawajaweza kutambua kwamba anayesema ana nia ya kuuza. Wanapokea tangazo kama taarifa kutoka kwa mtu mzima anayejua. Katika redio ugumu unazidi, kwa sababu mara nyingi sauti ile ile ya mtangazaji wanayemzoea ndiyo inayotaja bidhaa katikati ya mazungumzo, bila mpaka wowote. Katika nchi yetu mtu hawezi kucheza michezo ya kubahatisha kabla ya kutimiza miaka 18, lakini mtoto anayesikiliza redio jioni anaweza kujua namna ya kubeti, na kuzitaja odi, kabla hajajua kugawanya.

Wenzetu wa Marekani waliwahi kujaribu suluhisho ambalo kwa nje lilionekana zuri, na linatusaidia kuona mahali pa kukaza macho. Kampuni iliyoitwa BusRadio, ya jimbo la Massachusetts, ilianza mwaka 2006 kurusha vipindi maalumu vya mabasi ya shule, vikiwa vimegawanywa kwa umri: vya watoto wadogo, vya wa kati na vya wa sekondari. Nyimbo zilichujwa, na kampuni ilijieleza kuwa ni mbadala salama wa redio ya kawaida. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, kwani redio ya kawaida kweli ilikuwa na maneno makali zaidi. Lakini ndani ya kila saa zilitengwa hadi dakika 8 za matangazo ya biashara, na wazazi wengi wakauliza kwa haki gani shule inawauza watoto wasioweza kushuka wala kuzima. Bunge la nchi hiyo likaagiza tume ya mawasiliano ilichunguze jambo hilo, na Septemba 2009 kampuni ikafunga shughuli. Kugawa vipindi kwa umri ni jambo jema, na natamani tungelifanya. Hata hivyo, haitoshi kuuliza kama kipindi kina matusi au hakina. Ni lazima kuuliza pia kimetengenezwa kwa faida ya nani.

Nageukia kelele, na hapa nitapingana na matroni kwa heshima. Anachokiona ni kweli: redio ikifunguliwa kwa sauti kubwa, watoto huacha kupiga kelele. Lakini mara nyingi hawajatulia, ila wameshindwa kusikilizana. Uwezo wa kuchambua maneno katikati ya kelele hukua polepole hadi umri wa ujana, kwa hiyo mtoto mdogo huhitaji utulivu mkubwa zaidi kuliko mtu mzima ili aelewe sentensi ile ile. Injini ya dizeli inanguruma, madirisha yamefunguliwa kwa joto, dereva anaongeza sauti ili aishinde injini, watoto wanapaza sauti ili waishinde redio, na dereva anaongeza tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto asisikilize sauti inayozidi wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, wakati kwa mtu mzima kiwango ni 80. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 85 ndani ya basi, kiasi kinachomlazimu mtu kupaza sauti ili asikike, hufupisha muda salama wa mtoto hadi karibu saa 4 kwa wiki nzima. Watoto wako wako ndani ya basi zaidi ya mara mbili ya muda huo, na anayeketi chini ya spika anapata zaidi ya wengine. Kipimo rahisi kisicho na mashine ni hiki: matroni aliye mbele aweze kuzungumza kwa sauti ya kawaida na mtoto aliye kiti cha tatu, bila yeyote kurudia neno. Ikishindikana, sauti imezidi, hata kama kinachosikika ni hadithi nzuri au wimbo wa dini.

Kelele hiyo inamhusu dereva pia. Anapaswa kumsikia mtoto wa nyuma anayesema kwamba anataka kutapika au kwamba mwenzake amebanwa na mkanda, na anapaswa kusikia honi ya treni anapokaribia mahali barabara inapokatana na reli ya zamani. Katika majimbo mengi ya Marekani dereva wa basi la shule hulazimika kunyamazisha redio kabla ya kuvuka reli. Desturi hiyo inaweza kuanzishwa hapa kesho, bila gharama na bila kikao.

Je, izimwe kabisa? Kwa safari ya alfajiri, maoni yangu ni ndiyo, na sababu kubwa ni usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za kulala kwa siku, na wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto aliyelala saa tatu usiku na kuamshwa saa kumi na moja kasoro robo hajafikisha hata saa 8. Ukiingia katika mabasi yetu saa kumi na mbili alfajiri utaona vichwa vinavyoning'inia. Usingizi ule wa nusu saa au zaidi ni mali ya mtoto, na redio inamnyang'anya. Basi la kimya asubuhi halijapungukiwa kitu. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa sisi watu wazima tumezoea kuogopa ukimya, tukidhani mtoto asiyepewa cha kusikiliza amepunjwa. Mtoto anayetazama Mlima wa Simba dirishani, akawaza mambo yake, yumo katika kazi kubwa ya akili.

Jioni ni tofauti. Watoto wameamka, wamechoka kukaa, na dakika 70 ni ndefu. Hapo ningependelea vipindi vilivyorekodiwa, vikiwekwa kwenye flashi, badala ya redio ya moja kwa moja, kwa sababu kilichorekodiwa kinaweza kusikilizwa na mtu mzima kabla hakijawafikia watoto, na hakiingiliwi na tangazo wala habari ya ghafla. Sharti langu ni moja, wala halina njia ya mkato: mwalimu au mzazi aliyeteuliwa asikilize kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Flashi iliyojazwa nyimbo kwenye kibanda cha mtaani na kupewa jina la "za watoto" haitoshi, kwani nimewahi kusikiliza moja ambayo baada ya nyimbo sita za kuhesabu ilifuata ya watu wazima.

Hapa ndipo linapokuja swali lako la umri tofauti, na ndilo gumu. Kinachomfaa mtoto wa miaka 5 ni nyimbo fupi, sauti za wanyama, hadithi isiyozidi dakika 7 yenye mambo yanayojirudia na mwisho wa amani. Wa miaka 7 au 8 anafurahia vitendawili, michezo ya maneno na safari za kubuni. Wa miaka 10 na kuendelea anataka sababu za mambo: kwa nini Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja tu, treni ya umeme inapataje umeme wake, moyo unasukumaje damu. Huwezi kuwaridhisha wote kwa dakika ile ile, na shule isijidanganye kwamba inaweza. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba mdogo kuliko wote aliyemo ndani ya gari ndiye kipimo cha kinachoruhusiwa, na wakubwa hupewa zamu yao wadogo wakishashuka. Mkubwa akisikiliza hadithi ya sungura, atachoka kidogo. Mdogo akisikiliza mjadala wa mauaji, atapoteza usingizi. Madhara hayo mawili hayalingani uzito.

Bahati yetu ni kwamba ngano zetu zilitungwa kwa ajili ya hadhira mchanganyiko. Bibi aliyesimulia jioni hakuwagawa wajukuu kwa madarasa. Mdogo alicheka fisi alipoanguka, mkubwa akaona tamaa ya fisi ilivyomponza, na wote wakaitikia wimbo wa katikati. Sisi tuliolelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam tunakumbuka jinsi kipindi cha Mama na Mwana kilivyokusanya nyumba nzima, watoto wa chekechea pamoja na waliokwisha maliza shule. Siku hizi vipo vipindi vilivyotengenezwa hapa nchini na kupangwa kwa umri. Shirika la Ubongo, kwa mfano, lina Akili and Me kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 na Ubongo Kids kwa waliowazidi, na kazi yao imefika redioni pia. Ningeongeza muziki wa Wagogo wa zeze na ilimba, kwa kuwa mtoto anayekulia Dodoma anastahili kuijua sauti ya ardhi anayoikanyaga. Hata hivyo, kisijazwe kila dakika. Hadithi moja, nyimbo chache, kisha kimya hadi mwisho wa safari ni kiasi cha kutosha.

Jambo bora zaidi silioni likifanywa mara nyingi, nalo halihitaji umeme: matroni mwenyewe aanzishe vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Mtoto anayejibu anatumia akili zaidi ya anayesikiliza tu, na watoto wakubwa wanaweza kupewa heshima ya kuwategea wadogo. Si kila matroni ana sauti au hali ya kufanya hivyo kila siku, na haifai kumlazimisha mtu aliyechoka. Lakini wapo wanaoweza, na hawajawahi kuombwa. Jambo ambalo siliungi mkono ni spika za masikioni kwa kila mtoto. Zinamtenga na wenzake na zinamzuia kusikia maelekezo ya dharura, na hakuna mtu mzima anayejua amefungulia nini wala kwa sauti gani.

Utakapolipeleka jambo hili shuleni, tafadhali usianze kwa kumlaumu dereva. Huenda ameamka saa tisa usiku ili afikie kituo cha kwanza kwa wakati, na redio ndiyo inayomsaidia asisinzie. Hilo ni suala la usalama, na shule inapaswa kulijua, kwa sababu dereva anayehitaji redio ili akae macho anahitaji zaidi ratiba itakayompa usingizi. Mkute wakati hana haraka, umpe shikamoo yake kama amekuzidi umri, umweleze kwamba mtoto wako ameingiwa na hofu na kwamba unamwomba asubuhi azime habari. Madereva wengi ninaowajua ni wazazi, na ombi la namna hiyo hulielewa papo hapo. Baada ya hapo mwone mwalimu mkuu, kwa kuwa makubaliano na dereva mmoja huisha siku anapobadilishwa gari. Omba jambo lenye mipaka iliyo wazi: asubuhi kimya, jioni vipindi vilivyosikilizwa kabla, sauti isiyozidi kipimo nilichokitaja, na jina la mwalimu mmoja anayewajibika. Likubaliwe kwenye kikao cha wazazi na liandikwe, maana mzazi mwingine anaweza kuwa anapenda redio, naye asikilizwe. Muhusishe baba watoto pia, na umpe nafasi ya kupanda basi hilo siku moja kutoka Nzuguni hadi shuleni. Nina imani kwamba safari moja itamweleza zaidi ya maneno yangu.

Yapo mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyatibu. Hofu ya mtoto wako ikiendelea zaidi ya wiki tatu au nne licha ya redio kuzimwa na wewe kuzungumza naye, au akianza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kuota ndoto za kutisha usiku baada ya usiku, kukataa chakula, au kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, mpeleke akaonwe na mtaalamu ana kwa ana. Anzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ueleze kwamba unahitaji ushauri wa afya ya akili ya mtoto. Hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya Mirembe nazo ziko hapa hapa jijini, na jina la Mirembe lisikutishe, kwa kuwa kumpeleka mtoto kupata msaada si kumpachika jina. Na kama mmoja wa watoto analalamika kwamba masikio yanavuma baada ya safari, anaongeza sauti ya televisheni kuliko wengine, au haitiki anapoitwa kutoka nyuma, apimwe usikivu katika kliniki ya masikio, pua na koo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nakuomba ulifanye hata kama unaamini chanzo ni redio tu. Mtoto anayeogopa basi, au anayetamka maneno ya mahusiano ya watu wazima, kwa kawaida ameyapata anapodhani mzazi, lakini si mara zote. Mwulize kwa utulivu, akiwa peke yake, kama kuna mtu yeyote ndani ya gari anayemshika mahali asipopenda, anayemtisha, au anayemwambia afiche siri. Muulize mkubwa naye, kwa wakati wake, kwa kuwa wa miaka 10 huona mengi ambayo mdogo hawezi kuyasimulia. Ikiwa jibu litakutia shaka, usimhoji zaidi wala usimkabili mtuhumiwa mwenyewe. Piga simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116, au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata yako au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, siku hiyo hiyo, na hadi hapo watoto wasipande lile basi.